Damu ya Mbele ya Sungura Namba Saba

Maombi, mutoto wangu,

Tantine Feza hakudanganya muntu. Miye njo nilidanganya. Yale maneno nilikuambiaka juu yake, kama aliandika bongo, uongo, mu cahier ya labo, ile daftari ya kazi, ile bongo ilikuwa ya kwangu, na yeye njo aliibeba. Ninaanza na hiyo juu ya vile ninajijua. Kama ningeanza na salamu, na baraka, na hamu yenye nitakuwa nayo kesho nyumba ikibakia kimya, ningefika mwisho ya karatasi bila kusema.

Mama yako alishakuambia ya sanduku, ya bateau, ya kufuli, ya bale vijana ba ku port wenye kuita kila musichana "chérie". Sitayarudilia. Kesho moto, ile pikipiki, itakubeba mpaka Goma, kisha utavuka ziwa na bateau mpaka Bukavu kusoma kazi ya labo. Hautapata tena saa ya kunisikiliza, na miye sina nguvu ya kuyasema huku unaniangalia. Njo maana ninaandika.

Jana ku chakula koko yako, mukongwe wetu, alikuuliza: "Na zile mashini za labo, hautaziogopa?" Ukacheka. Ukasema: "Koko, miye sitakuwa kama ule Tantine Feza. Miye nikiandika kitu, ni kweli." Bote balicheka. Mama yako akakuongeza mboga ya sombe. Miye nikasimama, nikasema ninakwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi zilikuwa zimeshaingia, ulijua, juu weye njo ulizifungia. Nilisimama nyuma ya nyumba na mukono ku ukuta mpaka kicheko ikakwisha ndani.

Sikia sasa, na usinikatishe.

Weye ulikuwa na miaka sita wakati balijenga centre ya kuchunguza mimea kule juu ya Nyamitaba, ile nyumba ndefu ya mabati ya bleu. Balikuwa banatafuta muntu wa kuchunga sungura. Nilikuwa niliacha masomo mu mwaka ya ine ya secondaire, lakini nyama za kufuga zilikuwa zinanisikiaka tangu utoto, na Docteur, mukubwa wa centre, aliona vile nilikamata sungura ya kwanza bila kuivuta masikio. Akasema: "Huyu." Nikapata kazi. Nikapata cahier. Haujui ile ilikuwa kitu gani kwangu, Maombi. Muntu wa shamba, mwenye alikuwa anaandika tu jina yake siku ya kura, sasa kila asubui anaandika: namba hii ilikula, namba hii haikukula, namba hii iko na kidonda.

Batu ba kwetu balinichekaka sana. Nilikuwa ninashuka magaribi, banasimama ku njia:

"Papa Maombi, leo tena mulitosha damu ya sungura?"

"Tulitosha kidogo, na sindano."

"Na nyama njo mutakula siku gani?"

"Ile nyama iko na cahier, haikuliwake."

"Eeeh! Nyama ya cahier! Mungu atusaidie, sungura imeandikwa ku masomo na batoto yetu bado!"

Nilikuwa ninacheka nabo. Lakini ndani nilikuwa ninasimama murefu.

Feza alikuya nyuma ya mwaka moja. Alifika na moto, caisse ya barafu ku magoti, vumbi mpaka ku meno, na mbele ya kuomba maji aliuliza: "Papa wa sungura iko wapi?" Alikuwa amemaliza masomo Bukavu, kule kule unakwenda. Docteur alimuleta juu ya mosaïque, ile ugonjwa yenye kukunja majani ya muhogo na kuitia manjano. Shida yake unaijua: unaweza kata muti wa muhogo kwa kupanda, unauona muzuri, kumbe ugonjwa iko ndani, na shamba yote inaharibika. Balitaka dawa ya kuuona mbele haujajionesha.

Ile dawa njo ilitoka ku sungura. Feza alikaa chini ku kiti ya kukamulia, akanieleza kama vile ananielezea vile banapika. Banakamata majani magonjwa, banayasaga, banasafisha, banasafisha, banasafisha, mpaka ibakie tu protéine ya ile virusi. Ile protéine banaipiga sungura sindano. Damu ya sungura inasema, huyu mugeni ni nani? Inatengeneza anticorps, ile vitu vya kukamata mugeni. Kisha unatosha damu, unaiacha inaganda, maji yake ya manjano inabakia juu, njo serum. Ile serum ukiitia ku tone ya maji ya jani, inatafuta ule mugeni. Kama iko, inashika.

"Na inashika wapi?" nilimuuliza.

"Fasi zote. Unaona wakati banabeba mugonjwa mu kipoyi kutoka Nyabiondo? Moja anashika mbele, ingine nyuma, ingine anasukuma ku pembeni. Njo vile. Sungura moja inatengeneza mingi mingi, kila moja na fasi yake ya kushika. Na kila sungura iko na anticorps yake. Sungura ikikufa, ile serum imekwisha, hautapata ingine sawa na ile."

"Na unaona namna gani kama imeshika? Haina miguu."

"Unatia juu yake ingine, ya mbuzi, yenye kukamata ya sungura. Ile ya mbuzi njo inaleta rangi ya violet."

"Sungura inakamata ugonjwa, mbuzi inakamata sungura. Na ngombe?"

"Ngombe tunatia maziwa yake ku karatasi ya kupimia, ili serum isishike fasi bure."

Nilifikiri ananicheka. Kumbe kweli, alitosha boîte ya maziwa ya bunga, akaikoroga, akazamisha mule ile karatasi yake nyeupe. Nilikwenda kusimulia ku njia kama mu labo yetu karatasi inakunywa maziwa. Balikaa juma mbili bananiuliza kama inakula na bugali.

Ile miaka ilikuwa mizuri. Sijapata tena muntu wa kufanya naye kazi vile. Alikuwa anaimba ile sauti yake nyembamba ya chorale huku anahesabu matone, na akikosa hesabu anajitukana mwenyewe kisha anaanza upya. Weye ulikuwa unatoka ku masomo unapanda kule, anakukalisha ku kisanduku, anakuachia uangalie violet ikipanda ku karatasi. Ulikuwa unapiga mikono. Alikata blouse yake ya zamani, ile koti nyeupe ya labo, akaipunguza mikono, akakuvalisha. Njo siku ile ulisema utafanya hii kazi. Unasahauka kama ni yeye. Miye sikusahau hata siku moja.

Sasa ninafika pale.

Mbele ya sindano ya kwanza, lazima utoshe damu kidogo ya ile sungura. Jina yake ni damu ya mbele, ni kusema ya kabla ya sindano. Juu kila sungura inaweza kuwa na mambo yake mu damu, mambo ya zamani, yenye kushika vitu hata haujaipiga kitu. Bila damu ya mbele, hautajua kama ile unaona ilitoka ku sindano yako ao ilikuwa mule tangu zamani. Watakufundisha hiyo juma ya kwanza. Ukiisikia, utanikumbuka, na sitaki uisikie ku mudomo ya mwalimu mbele ya kuisikia kwangu.

Ilikuwa zamu ya namba saba. Ndugu yake, namba nane, ilikuwa inangoja, balizaliwa tumbo moja siku moja. Feza alikuwa amechanganya protéine na mafuta mpaka ikakamatana nyeupe kama bouillie, uji ya mutoto. Docteur akamwita mu bureau. Akanigeukia:

"Papa Maombi, damu kwanza, kisha sindano. Kama mushipa inakatala, ngoja jua. Hata magaribi hakuna shida. Lakini leo. Unasikia? Leo."

"Ninasikia, Mama Labo."

Unajua baridi ya Nyamitaba asubui. Sikio ya sungura ikiwa baridi, mishipa inajificha, hauone kitu. Unashika sikio katikati ya mikono mpaka ipate moto, na usikimbize, juu nyama ikiogopa damu inarudi ndani. Nilishika. Haikuonekana. Nikashika tena. Na ile bouillie ya Feza ilikuwa iko pale tayari. Nikasema, nipige sindano sasa, damu nitaitosha jua ikipanda. Nikapiga. Kisha, mutoto wangu, nikafungua cahier na nikaandika mustari muzima kwa mara moja vile mukono ilikuwa imezoea: *Namba 7. Damu ya mbele: ndiyo. Sindano: ndiyo.*

Nilikuwa nimeanika maharagi chini ku shamba. Mawingu yakakuya. Nikakimbia. Kesho yake sikukumbuka. Kesho kutwa vile vile.

Hiyo bado si kosa yenye ninakuungamia. Muntu anasahau. Nataka uisikie muzuri, juu uko na moyo wa kujihukumu haraka: siku utasahau kitu kule, na utasahau, usijione mubaya. Ubaya wangu ulikuya nyuma, na ulikuya pole pole, na nafasi ya kuukatala nilikuwa nayo.

Juma nyingi zilipita. Sindano ya pili ilipita, ya tatu ikapita. Siku moja Feza akafurahi kama bibi harusi, akaniita: "Papa Maombi, damu ya leo iko muzuri! Nipatie na ile ya mbele, nizipime pamoja."

Nilifungua congélateur, kabati ya barafu. Tube, ile kichupa ya damu, ilikuwa pale vile Feza aliiandalia, safi, na maandiko yake ya duara: *7, mbele*. Haikukuwa na kitu ndani. Nilibakia na mulango wazi mpaka vidole vikaganda.

Maneno ilikuwa mafupi tu. *Feza, nilisahau.* Angenigombeza. Angekamata kichwa na mikono mbili, angesema "Papa Maombi weye!", kisha tungeacha saba, tungeanza na nane. Juma chache za kazi zingepotea. Njo yote. Sikuweza. Nilikuwa muntu mwenye cahier, na cahier ilikuwa inasema ndiyo.

Nikamwambia: "Imeshikana na barafu. Kesho asubui nitakupatia."

Ile magaribi nilitosha damu ya namba nane, nikajaza ile tube. Unajua nilijiambia nini? Kwetu muntu akiwa anakufa ku hôpital na damu imemuishia, tunaita ndugu yake wa tumbo moja, anatandika mukono, anamupatia. Hakuna mwenye kusema ni damu ya mugeni. Nilijiambia saba na nane ni ndugu, mama moja, siku moja, damu yabo ni moja. Nilijituliza na hiyo. Nililala muzuri, hata. Hiyo njo inaniogopesha mpaka leo, vile nililala muzuri.

Feza akapima. Alipanga matone ku karatasi: jani mugonjwa, jani muzima. Tulikuwa tumeinama pamoja, weye haukukuwa siku ile. Ile yenye alifikiri ni damu ya mbele, hakuna kitu, nyeupe, nyeupe. Damu ya nyuma ya sindano ikaleta violet ku jani mugonjwa. Akaanza kuimba. Kisha violet ikapanda na ku jani muzima. Akaacha kuimba.

Docteur aliangalia ile karatasi akasema: "Mbele ya sindano sungura ilikuwa safi. Nyuma ya sindano inashika hata majani mazima. Basi uchafu ulitoka mu protéine yako, Feza. Haukuisafisha."

"Docteur, niliisafisha mara tatu. Iko mu cahier."

"Nani alikuona?"

Hakukuwa muntu. Alikuwa anafanyaka ile kazi peke yake, mpaka jua inaingia.

Akapima mara ya pili, ya tatu, akakonda. Wenye kusaidia centre balikuwa wanakuya kuona kazi, na Docteur alikuwa anatafuta maneno ya kubaambia. Akatuita sote wawili mu bureau. Sitasahau kiti, sitasahau vile mbuzi ya jirani ilikuwa inalia inje. Docteur hakukuwa muntu mubaya, Maombi. Aliuliza ile swali yenye ilipaswa kuulizwa. Aligeuka kwangu:

"Papa Maombi. Ile damu ya mbele, njo ya namba saba kweli?"

Mulango ulikuwa unafunguliwa mbele yangu, na Mungu mwenyewe alikuwa ameushika. Nikasema:

"Njo yake, Docteur."

Na Feza, mbele Docteur hajasema kitu, Feza akanitetea. Alisema: "Docteur, kule usitafute. Papa Maombi hasemake bongo. Akisema ni ya saba, ni ya saba." Alisema ile kwa heshima, na ile maneno yake mwenyewe njo ilimufunga. Juu kama damu yenye nilitosha ilikuwa ya kweli, basi cahier yake ilikuwa ya uongo. Nilimuona anafika pale mu akili yake. Hakunishuku. Hata dakika moja hakunishuku. Alianza kujishuku yeye mwenyewe.

Balimutosha ku kazi mwisho ya mwezi, bila barua ya kumusemea muzuri. Ku chorale nako maneno yakafika, muntu mwenye kuandika bongo anaimba juu ya nini? Akaacha kuimba. Siku ya kwenda alipita ku nyumba ya sungura na kifurushi yake, akanisalimia na mikono mbili. Akasema: "Saba iko na kidonda ku sikio ya kuume. Uiangalie." Nikajibu: "Nitaiangalia." Njo maneno ya mwisho tuliambizana.

Na kwako nilifanya ingine. Uliniuliza juu ya nini Tantine haikuye tena. Nilikuwa na woga kama utakwenda kumuona, na yeye atakuuliza habari yangu, na weye ukiwa mutoto wa kuuliza uliza utafika ku ukweli. Nikakuambia alidanganya mu kazi, na blouse ya mudanganyi haibakie mu nyumba yangu. Nikakutuma uirudishe. Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Nilikuona kutoka huku juu, unashuka peke yako, umeikunja ku kifua. Uliporudi macho ilikuwa imevimba. Nikauliza: "Alisema nini?" Ukasema: "Aliuliza kama ninakula muzuri."

Nyuma ya Feza, Docteur alitaka kutupa ile protéine. Kisha akasema, hebu tujaribu ku namba nane. Chupa ilikuwa ile ile. Miye njo niliitosha mu barafu, maandiko ya Feza juu yake. Safari hii nilitosha damu ya mbele kama muntu mwenye kushika yai. Tukapiga. Tukangoja. Na siku ya kupima, violet ilipanda ku jani mugonjwa, na jani muzima likabakia nyeupe kama kitambaa ya meza ya Bwana.

Docteur akasema: "Unaona? Hii ya mwisho mu chupa alikuwa ameisafisha."

Chupa moja, mutoto wangu. Haina mwanzo safi na mwisho chafu, ni maji. Njo pale nilielewa yote. Protéine ya Feza ilikuwa safi tangu siku ya kwanza. Uchafu ulikuwa mu damu ya namba saba mwenyewe, tangu zamani, jambo yake ya zamani yenye hatutajua, na ile damu ya mbele yenye ingeuonesha, miye sikuitosha. Ndugu yake wa tumbo moja hakukuwa nao. Saba ilikuwa imeshakufa. Hakuna tube ulimwenguni yenye inaweza kumusemea Feza. Kumebakia mudomo yangu tu.

Na ile serum ya nane ilifanya kazi. Weye unajua, ulibebaka majani weye mwenyewe. Miti ya muhogo yenye inapandwa leo Nyabiondo, mashamba yenye kuwa kijani mpaka chini ku muto, ni ile serum njo iliichagua. Ni mikono ya Feza. Balitufanyia sikukuu, balinipatia ile karatasi ya shukrani yenye iko ku ukuta, na mama yako alishona kitenge mupya. Niliketi mbele. Bazee ba Nyabiondo balinishika mikono. Nilikuwa ninatafuta ile sauti nyembamba mu chorale na haikukuwa.

Miaka munane, Maombi. Ningeweza kukuambia nilikuwa ninangoja wakati muzuri. Hapana. Nilikuwa ninangoja isahauliwe.

Mwaka iliyopita Mama Zawadi, mwenye kuleta mafuta ya mawese kutoka Walikale, alitua ku mulango yetu. Ulikuwa Kitshanga ku soko. Akaniambia: "Kule Walikale kuko mama moja anauzisha mu pharmacie ndogo, anaitwa Feza. Akisikia ninatoka huku anauliza swali moja tu: ule mutoto Maombi, alimaliza masomo?" Nikamuuliza kama iko na kazi ya labo. Akasema: "Labo gani? Anasema yeye hana mukono wa labo. Anasema mukono wake unachafua." Unasikia? Anaamini. Nilimuibia na ile yenye alikuwa anaijua juu yake mwenyewe.

Ningekuwa na mukono wa kurudisha siku nyuma, singechagua siku nikiwa kijana, ao siku ya ndoa. Ningechagua ile asubui ya baridi, sikio ya sungura mu mikono yangu, na Feza anaimba mu chumba ya pili, na weye karibu kutoka ku masomo. Ningengoja jua tu. Nina hamu ya ile asubui kuliko vile nitakuwa na hamu yako kesho, na hamu yako, mutoto wangu, imeshaanza leo.

Sina maneno mingi ya kukupatia ya njia. Kitu moja tu, juu nilikilipia na muntu mwingine. Kule watakupatia cahier. Siku utakuta fasi yenye haukufanya kitu, uiache wazi. Andika: haikufanyika. Batu batakugombeza. Labda utalia mu choo. Lakini ile tube bure, yenye haina kitu ndani, ukiionesha, inabakia tube bure. Ukiijaza, haujue tena nani atakunywa mule. Na mwenye kukuamini akikusemea mbele ya batu, angalia muzuri pale kama anasema kweli. Hakuna kitu inauma kama kusemewa muzuri na muntu mwenye unamuzamisha.

Sikuombe unisamehe leo. Ukipanda moto bila kuniangalia, nitaelewa. Nitakufungia sanduku tu, na barua itakuwa mu mufuko wa mbele. Uisome ku bateau.

Kuko na woga moja lazima uujue. Nikisema, Docteur ataweza kunitosha ku kazi, na kazi yangu njo inakusomesha. Nilikaa na hiyo mwezi muzima. Nilijiambia, ngoja mutoto amalize kwanza. Kisha jana ku chakula ulisema yale maneno, nikaona kama nikingoja, masomo yako yote itasimama juu ya mugongo ya Feza, na weye utakuwa unamutukana huku unamupanda. Mwaka hii ya kwanza imeshapangwa. Ya pili, niko na shamba ya Nyabiondo na mikono mbili. Tutaona. Kama nimekuharibia, unikasirikie miye, usimukasirikie yeye.

Mama yako bado hajui. Atasikia kwangu asubui, mukishapeana kwaheri, mbele sijavaa viatu.

Kesho, siku ya kwanza ya juma, moto yako ikishapotea ku kona, nitapanda ku centre. Nitamuambia Docteur yote, nimesimama, na cahier ya ile mwaka wazi ku ule mustari. Nitamuomba aandike na cachet, muhuri ya centre, kama Feza alifanya kazi yake sawa sawa, na kama serum ya namba nane ilitoka ku protéine yake. Akikatala kuandika, nitaandika miye, na mukono yangu na jina yangu muzima, na nikisharudi nitaisoma ku kanisa siku ya yenga mbele ya chorale, Docteur aikatalie pale pale. Siku ya pili ninatoka kwenda Walikale. Moto mpaka Nyabiondo, na fasi moto itakatala, miguu. Kama barabara imefungwa nitapita na bale wenye kubeba mafuta, banajua njia. Sitamuomba Feza kitu. Sitamuomba anisamehe, hiyo itakuwa kumuongezea kazi ingine. Nitamuambia tu: damu haikukuwa ya saba, mukono wako ulikuwa safi.

Siku ya sita, ya posho, mbele jua haijaingia, ile karatasi itakuwa mu mukono ya Feza.

Papa yako